Pua na Mdomo

Siku ya 11 baada ya kupasuliwa pua niliingia kwenye banda la mama ntilie pale Katoro, Geita, nikaagiza chai ya maziwa na chapati mbili. Mwenye banda tunafahamiana kwa miaka mingi na hatujawahi kusalimiana bila kutaniana. Siku hiyo alianza yeye: mjini wananinyima nini mpaka shati linanipepea kama bendera ya shule? Nikacheka. Au tuseme nilidhani nimecheka. Moyoni nilicheka kabisa, macho nayo nadhani yalicheka, ila mdomo wa juu ulibaki palepale, mzito, kama umebandikwa kwa gundi ya viatu. Mama akanitazama kidogo, akaweka chapati mezani bila neno, akaenda kuhudumia meza ya vijana wa bodaboda. Wakati natoka nikamsikia akimwambia binti anayeosha vyombo, “Hawa nao siku hizi wamekuwa mabosi.”

Niliumia. Usukumani mtu anaweza kukusamehe deni, anaweza kukusamehe hata kuchelewa msibani, lakini salamu ya uso mkavu haisahauliki upesi. Salamu haiishii kwenye “mwangaluka”. Unaulizwa wa nyumbani, unaulizwa ng'ombe, unaulizwa mvua, na katikati ya maswali hayo yote uso ndio unaofanya kazi. Na mimi ninayeandika, kazi yangu ni kuwauliza watu mambo wasiyopenda kuulizwa. Tabasamu ndilo lililokuwa likinifungulia ofisi za vijiji na mabanda ya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Sasa lilikuwa limekwama, na kabla ya kupasuliwa hakuna aliyeniambia kwamba litakwama.

Hospitali iliyonipasua siitaji, wala sina ugomvi nayo. Nilikwenda siwezi kupumua kwa tundu la kushoto, nikarudi napumua. Kabla ya kusaini fomu nilielezwa habari ya kutoka damu, habari ya maambukizi, habari ya nusu kaputi. Mdomo haukutajwa. Mimi nami sikuuliza, maana nani angewaza? Nilikuwa nimepeleka pua.

Kumbe lugha yetu ilishawaza zamani. Mtu akikuuliza kutoka stendi hadi sokoni pana umbali gani, unamjibu ni pua na mdomo. Nimewaelekeza wageni njia kwa msemo huo maisha yangu yote, bila kujua kwamba natoa maelezo ya kitabibu.

*

Pua yangu iliharibikia machimboni Nyarugusu, Geita, miaka kadhaa kabla ya upasuaji. Nilikwenda kuandika habari ya gharama za kusaga mawe, nikasimama mahali pasipostahili. Wanaoyajua maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, wanaijua winchi ya mbao: gogo lililolazwa juu ya miti miwili yenye panda, kila ncha ina mkono wa chuma, wanaume wawili wanazungusha na kiroba cha mawe kinapanda kutoka chini. Uzito ukiwazidi wakaachia, ile mikono inazunguka kinyumenyume kwa kasi ya pangaboi. Mmoja wao aliteleza kwenye tope. Chuma kikanipata puani. Nilisikia mlio ndani ya kichwa changu mwenyewe, mdogo na mkavu, kama wa ganda la karanga.

Wachimbaji walinitendea wema wote walioujua. Walinilaza chali, wakanimwagia maji ya baridi, mmoja akanishika kidevu akarudisha kichwa nyuma. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa wote tangu darasa la kwanza, na ni makosa: damu inashukia kooni, unaimeza, unaitapika. Anayetoka damu puani akae wima, ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia, huku akipumua kwa mdomo. Baadaye nilipakiwa kwenye bodaboda hadi zahanati. Mhudumu alinipapasa mfupa wa juu, akasema haujavunjika, akanipa panadol na kunitakia heri. Ndani hakuna aliyemulika.

Tochi hiyo ambayo haikuwashwa ina uzito kuliko tabasamu langu. Kati ya matundu mawili ya pua kuna ukuta. Nyuma ni mfupa, mbele ni gegedu, kitu kama kile kinachosimamisha sikio. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na utando uliolivaa pande zote mbili, mithili ya foronya na mto. Ukipigwa, damu inaweza kuvujia kati ya foronya na mto, ikatuama hapo. Kwa nje huoni zaidi ya uvimbe wa kawaida wa mtu aliyeumia. Kwa ndani, upande mmoja au zote mbili, pametuna kivimbe laini chekundu, na pua imeziba kabisa. Gegedu lililotengwa na utando wake limekatiwa chakula. Ndani ya siku moja hadi tatu linaanza kufa, na ile damu iliyotuama ikiingiwa na vijidudu inageuka usaha. Tiba yake si kubwa: daktari anapasua kidogo, anatoa damu, anabana kwa gozi ili utando urudi mahali pake, anatoa dawa. Ikikosekana tiba hiyo, wiki kadhaa baadaye mgongo wa pua unadidimia katikati. Madaktari huifananisha na tandiko la farasi. Geita hatuna farasi. Sema mgongo wa punda aliyechoka.

Mapua ya namna hiyo yapo machimboni, ukiyatafuta utayaona. Kijana mmoja wa karasha alinisimulia kwamba alipigwa kiwiko kwenye mpira, akakaa siku nne na pua iliyoziba akidhani ni mafua yamemwingilia, na tangu hapo ndugu wa upande wa mama wanasema amemrithi babu yao. Hakuwa amemrithi mtu. Gegedu lake lilikufa kwa njaa ndani ya foronya. Kwa mtoto ni vibaya zaidi, maana ukuta huo ndio unaosukuma pua ikue. Mtoto aliyeanguka kwenye mwembe akaamka pua imeziba asisubiri Jumatatu.

Wala majeraha haya si machache. Mwaka 2011 Japhet Gilyoma na Phillipo Chalya wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 104 waliofika hospitalini hapo wakitoka damu puani. Chanzo kilichoongoza kilikuwa kuumia, karibu theluthi moja ya wagonjwa wote. Mwaka huohuo ukatoka uchunguzi mwingine wa Bugando juu ya watu 154 walioumia uso na taya. Zaidi ya nusu walitokea kwenye ajali za barabarani. Atakayeshangaa hajawahi kupanda bodaboda ya watu watatu kutoka Katoro saa moja jioni, taa ya mbele ikiwa imefungwa kwa mpira.

Hapa jiografia nayo ina neno. Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo iliyokuwa tegemeo la Kanda ya Ziwa kwa mambo ya ubingwa, na kwa miaka mingi mgonjwa wa Geita aliyepewa rufaa alifika Busisi akakaa kusubiri kivuko, pamba puani, akitazama Kigongo ng'ambo kama mtu anayetazama chakula cha jirani. Daraja la kuunganisha pande hizo mbili lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kama kilometa tatu za zege juu ya maji. Chato nako kuna hospitali ya rufaa ya kanda. Wa Shinyanga na Kahama barabara yao haikuwahi kudai kivuko. Kwa hiyo siku hizi saa nyingi hazipotelei njiani. Zinapotelea nyumbani, kabla mtu hajaamua kwamba pua iliyoziba baada ya kipigo ni jambo la kufunga safari.

*

Mimi nilikuwa na bahati, damu haikutuama. Ila ukuta ulipinda, ukaegemea kushoto. Watu wengi wana ukuta uliopinda kidogo na hawajui mpaka wazeeke, na hawana sababu ya kujua. Wangu ulipinda mpaka tundu likabaki ufa. Nikaanza kulala mdomo wazi, kuamka koo limekauka kama la mtu aliyehubiri usiku kucha, na kukoroma kwa kiwango ambacho wenye nyumba za wageni Kahama walikigundua kabla yangu. Kila niliyemwambia alijibu jambo lilelile: hizo ni nyama za pua, na usikubali zikatwe, zinarudi. Nilitumia matone ya kuzibua kutoka maduka ya dawa kwa miezi, jambo ambalo nalo ni kosa, kwa sababu matone yale yakizidi siku chache pua inayazoea na kuziba zaidi. Mwishowe bingwa wa masikio, pua na koo aliingiza kifaa chenye taa, akatazama nusu dakika, akasema nyama zangu hazina hatia. Ukuta ndio umelala.

Kuuelewa upasuaji wenyewe kulinichukua muda, hadi siku nilipojaribu kuwaeleza wachimbaji na wao wakanieleza mimi. Anayejua duara anajua matimba, yale magogo yanayokingamanishwa ili udongo wa juu usiporomoke. Anajua pia kwamba ndani ya mwamba zinaachwa nguzo za mawe ambayo hayaguswi, hata kama mshipa wa dhahabu umepita humo humo. Wenye tamaa huzirudia nguzo hizo usiku. Wengine hawarudi juu. Niliposema kwamba daktari haruhusiwi kulitoa gegedu lote hata kama lote limepinda, mzee mmoja aliyekuwa akinoa moko, patasi yake ya kuvunjia mawe, alisema bila kuinua kichwa, “Ameacha matimba.”

Ndiyo hivyo hasa. Pua si mfupa mtupu. Nusu yake ya chini inashikiliwa na gegedu, na ukuta wa kati ndio mhimili. Daktari anaacha ukanda wa walau sentimita moja chini ya mgongo wa pua na mwingine kama huo mbele, ukishuka kuelekea mdomo, mfano wa herufi L iliyopinduliwa. Kati ya kanda hizo ndipo anaponyoosha, anapopunguza, anapotoa. Fundisho hilo lina zaidi ya miaka mia. Otto Freer wa Chicago aliandika njia yake mwaka 1902, Gustav Killian wa Ujerumani akafuata mwaka 1904: kuchana utando, kuuinua taratibu kama unavyomenya ngozi nyembamba ya yai la kuchemsha, kukata gegedu baya na kurudisha utando. Waliokata mno walizalisha mapua yaliyodidimia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Cottle, naye wa Chicago, akaeneza mawazo ya kunyoosha na kurudisha badala ya kukata na kutupa, na madaktari wengi wa leo wamesimama karibu na hapo. Kabla ya hao wote kulikuwa na Wamisri. Mafunjo ya Edwin Smith, ya kama mwaka 1600 kabla ya Kristo, yanaelekeza pua iliyovunjika isafishwe kwa kitambaa cha kitani, iwekewe vizibo vilivyolowa mafuta, ifungwe kwa vigongo vya kitambaa kilichokunjwa. Miaka 3600 baadaye nilizinduka na gozi puani, nikamfikiria tabibu yule.

Kidonda hakionekani kwa nje, mchano wote uko ndani ya tundu. Niliwekewa vibamba viwili laini vya plastiki, kimoja kila upande wa ukuta, vikashonwa visichezecheze, vikakaa wiki nzima. Wiki hiyo ndiyo mbaya. Unakula huku unapumua kwa mdomo, kwa hiyo ugali unakuwa mradi. Huruhusiwi kupenga, ukipiga chafya unaachama, hunyanyui ndoo. Vibamba vilipotolewa nilivuta hewa kwa tundu la kushoto ikaniingia baridi mpaka nyuma ya macho, nikasikia harufu ya dettol, ya kiatu cha nesi, ya embe mahali fulani koridoni. Nilitaka kumshukuru daktari kwa tabasamu. Akanitazama, akauliza kama nina maumivu.

*

Hapo ndipo nilipouliza, na hapo ndipo nilipojibiwa kwa mara ya kwanza. Jibu lake linaanzia kwenye kidole. Weka cha shahada katikati, chini kabisa ya pua, pale mdomo wa juu unapoanzia, kandamiza kuelekea ndani. Utagusa kichomozo kidogo cha mfupa juu ya fizi za meno ya mbele. Hicho ni kigingi, na mguu wa mbele wa ukuta wa pua umesimama juu yake. Ukuta uliopinda mara nyingi umeteleza kutoka kwenye kigingi hicho. Daktari anaurudisha na kuushona hapo, yaani anafanya kazi upana wa ukucha juu ya mdomo wako, kutokea ndani. Pakivimba, kinachovimba ni mdomo.

Halafu kuna msuli ambao wengi wetu tutakufa bila kujua tunao. Unaanzia kwenye taya juu ya meno ya mbele, unapanda hadi sakafu ya ukuta wa pua. Simama mbele ya kioo kwa upande, ucheke kidogo: kwa watu wengi ncha ya pua inashuka kama inainamia mdomo. Msuli huo ndio unaoivuta. Kuna madaktari wa urembo wanaoukata makusudi kwa wateja wasiotaka pua ishuke wanapocheka. Kwa mtu kama mimi haukukatwa kwa nia, ila umechokozwa, umevimba, umezungukwa na nyuzi. Ukiuamuru uvute, unavuta nusu.

La tatu ni ganzi. Neva moja inateremka kwenye ukuta wa pua, inapenya tundu dogo la mfupa na kutokea nyuma ya meno mawili ya mbele ya juu. Wakati wa kunyoosha ukuta karibu na kigingi, neva hiyo inavutwa, pengine inakatwa. Ndiyo maana kwa wiki kadhaa meno yangu ya mbele yalikuwa kama ya mtu mwingine; niliuma muwa nikahisi nimeazima mdomo. Kwa kawaida ganzi hii hupungua ndani ya wiki hadi miezi michache. Kwa wachache hubaki kidoa kidogo cha paa la mdomo kisichohisi moto wa chai, nao huzoea.

Kwa hiyo tabasamu langu lilikuwa linavutwa na msuli mzito, likipanda juu ya mdomo uliovimba, na mimi mwenyewe siuhisi mdomo huo uko wapi. Neva ya kuendesha uso haikuguswa. Hilo lina maana, kwa sababu neva inayouendesha uso haipiti kwenye ukuta wa pua. Mtu ambaye nusu nzima ya uso imelegea, jicho halifumbiki na mate yanamtoka upande mmoja, asiulaumu upasuaji wa pua, akimbilie hospitali siku hiyohiyo.

Nilimuuliza daktari kwa nini hakuniambia. Alifikiri kwanza, nikampenda kwa hilo. Akasema wagonjwa wengi wa kiume wa huku hawamuulizi kuhusu sura, na asipoulizwa huona kama anawatia wasiwasi bure kwa jambo litakalopita. Namwelewa, ila sikubaliani naye. Mwanaume wa machimboni haulizi habari ya sura yake kwa sababu ataonekana anajipenda. Hiyo haina maana kwamba hana sura. Muuza duka wa Masumbwe anauza kwa uso. Mwalimu anafundisha kwa uso. Mchungaji, dalali wa ng'ombe, mkusanya marejesho wa vikoba, wote wanakula kwa mdomo wa juu. Sentensi mbili tu zingetosha: kwa wiki kadhaa, pengine miezi, utacheka vibaya na meno yatakufa ganzi, usiogope, na waambie watu wako.

*

Sura yenyewe je? Kila ndugu aliona yake. Mke wangu alisema pua imekuwa nyembamba. Mama yangu, ambaye alikuja kutoka Shinyanga kwa ajili ya kuniangalia tu, alisema imerefuka na kwamba sasa nafanana na watu wa baba. Mtoto alisema ni ileile. Nadhani mtoto alikaribia ukweli zaidi. Upasuaji wa ukuta peke yake haukusudii kubadili umbo la nje. Wanaotaka umbo wanaongezewa kazi nyingine, ya mifupa na magegedu ya nje. Hata hivyo matimba yakisogezwa, paa linaweza kusogea kidogo. Pua iliyokuwa imepinda inaweza kunyooka. Ncha inaweza kukakamaa miezi mitatu hadi sita, wakati mwingine hadi mwaka, kabla ya kulegea na kutulia. Kwa wachache, ukanda wa mbele ukipunguzwa kupita kiasi au usiposhikamana vizuri na kigingi, ncha huinama, au panatokea kibonyeo kidogo juu yake. Hayo hurekebishika, mara nyingine kwa kipande cha gegedu la sikio au la mbavu, lakini ni upasuaji wa pili na mgumu kuliko wa kwanza.

Tatizo langu lilikuwa ushahidi. Madaktari waangalifu humpiga mgonjwa picha kabla, mbele na upande, akicheka na asipocheka. Mimi sikuwa na picha ya maana zaidi ya ile ya kitambulisho cha NIDA, na humo Watanzania wote tumenuna. Nikaanza kujipiga picha kwa simu kila asubuhi na kuikuza pua kwa vidole, tabia ambayo haimsaidii mtu. Mwaka 2018 Boris Paskhover wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, na wenzake walipiga hesabu ya jambo hili: picha iliyopigwa umbali wa kama sentimita 30 inaonyesha pua pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko iliyopigwa umbali wa mita moja na nusu. Kamera ikiwa jirani, kilicho mbele kinavimba. Nilipomaliza kusoma habari hiyo nilimpa mtoto simu, nikamwambia arudi nyuma hatua mbili.

Jambo moja nililiharibu mwenyewe. Wiki ya tatu nilirudi kwenye karasha. Anayezijua mashine hizo anajua vumbi lake, jeupe kama unga wa mhogo, linaloingia mpaka kwenye soksi. Utando unaopona unahitaji unyevu. Vumbi la mawe linaukausha, linatengeneza magaga, magaga yakibanduliwa kwa kidole yanatoka na utando, na pakirudiwa mara nyingi ukuta unaweza kutoboka. Mwenye tundu dogo kwenye ukuta hupiga mluzi akipumua. Mimi nilitoka damu tu, nusu kikombe, mbele ya watu, nikarudi kuosha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi, asubuhi na jioni, kama nilivyokuwa nimeagizwa tangu mwanzo. Daktari alisema mchimbaji anayepasuliwa pua anahitaji ruhusa ya kukaa mbali na vumbi zaidi ya anavyohitaji dawa. Mchimbaji mdogo ruhusa hiyo anaiomba kwa nani, analipwa kwa kiroba.

Mdomo ulirudi polepole, kwa hatua ambazo sikuzihesabu. Siku moja niligundua nimepiga mluzi. Siku nyingine meno yalilalamika kwa soda ya baridi, nikafurahi kama mtu aliyepokea barua. Tabasamu lilianza upande wa kulia, kushoto likachelewa, kwa hiyo kwa mwezi mzima nilionekana kama mtu anayejua siri ya mwenzake. Hilo, kwa kazi yangu, halikuwa baya.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji nilipita tena Katoro. Banda lilikuwa limejaa, mvuke wa chai umetanda hadi kwenye turubai. Nilisimama mlangoni nikacheka kwa makusudi, meno yote nje, kama mgombea udiwani. Mama akaweka chini mwiko, akanikagua kuanzia kwenye paji la uso.

“Leo umetusamehe, baba?”

Nikamweleza habari yote, ya ukuta, ya kigingi, ya msuli. Alisikiliza akigeuza chapati, akaielekezea pua yangu ncha ya mwiko mara mbili tatu kama anayeikagua kwa niaba ya ukoo. Halafu akasema hayo ya mdomo ameyaelewa, lakini siku ile niliondoka bila kulipa chapati mbili na chai, na je, mfukoni nako walipasua?